Anti Subana Anajibu: Maua ya Mama, Gugumaji na Nyekundu Inayochuja

Mwangaluka wapendwa. Mwezi huu meseji zimekuwa za aina moja, utadhani mmekaa kikao, kila mtu kafungua sanduku la mama au la bibi kakutana na foronya zenye maua na sasa anataka kuyashona mwenyewe. Nimefurahi sana ila nimechelewa kujibu kwa sababu umeme ulikuwa unasumbua na mi usiku bila taa nyeupe tundu la sindano silioni tena, umri huo. Naanza na Mama Kulwa manake swali lake limebeba ya wengi.

SWALI: Shikamoo Anti. Mama yetu alifariki mwaka juzi, kwenye sanduku lake tukakuta foronya nne na kitambaa cha meza, vyote kavidarizi kwa mkono, mawaridi na vile viua vidogo vya bluu, halafu kwenye kitambaa cha meza kuna yule bibi wa gauni pana kashika mwavuli. Mama alifundishwa na masista akiwa msichana. Foronya moja hakuimaliza, mchoro wa bluu bado unaonekana, nusu kashona nusu bado. Sasa Doto wangu anaolewa mwakani, nataka nimtengenezee seti mpya yenye maua yale yale ya bibi yake. Nahamishaje mchoro bila kuharibu vya zamani? Na ile nusu niimalizie au niiache? (Mama Kulwa, Igoma)

JIBU: Marahaba Mama Kulwa, na pole sana kwa mama. Kwanza kabisa hivyo vitambaa usivifue. Najua mkono unawasha ukiona lile doa la njano la sandukuni lakini subiri umalize kunakili, maana huo mchoro wa bluu ukiingia maji unaweza kufifia zaidi ukabaki huna pa kuanzia.

Huo mchoro ni wa pasi. Zilikuwa karatasi nyembamba zimechapwa kwa wino unaoyeyuka kwa joto, unalaza karatasi uso chini juu ya kitambaa, unakandamiza pasi bila kuiburuta, wino unahamia kwenye kitambaa. Magazeti ya akina mama kule Uingereza miaka ya 1930 na hata 1950 yalikuwa yanaziweka ndani kama zawadi kwa msomaji, na huyo bibi wa gauni pana ndo alikuwa staa wa zama hizo, yuko kwenye vitambaa vya meza, vya trei, vya kufunikia birika, kila mahali. Umewahi kumwangalia usoni? Hana uso. Kofia imemfunika au kakupa mgongo. Mi naamini mchoraji alikuwa na huruma na sisi, uso ukikosea mshono mmoja tu bibi anakuwa kama kaumwa na nyuki, bora afunikwe kofia tuendelee na maua.

Sasa kazi. Vile ambavyo mama alishavishona unanakili kwa kusugua, ule mchezo wetu wa shule wa sarafu chini ya karatasi. Laza kitambaa mezani kimenyooka, weka juu yake karatasi nyembamba, sugua kwa ubavu wa penseli laini, na kwa kuwa nyuzi zimeinuka utaona petali zinajitokeza moja moja. Ile foronya ambayo haikumalizwa huwezi kuisugua kwa sababu mchoro hauna mwinuko, hiyo ibandike kwenye kioo cha dirisha mchana jua likiwa nje, juu yake weka nailoni safi inayoonyesha, juu ya nailoni ndo karatasi yako, uchore kwa penseli. Ile nailoni ni ya kulinda, penseli ikitoboa karatasi isiguse kazi ya mama. Ukipiga picha kwa simu pia sawa ila weka rula pembeni ya ua, maana picha ya simu inavuta kingo na ukienda kuprinti utashangaa waridi limekuwa na ukubwa wa sahani.

Halafu sasa fanya kitu ambacho wengi hawafanyi, geuza kitambaa. Mgongoni ndo kuna siri zote. Kwanza rangi, upande wa mbele umepigwa jua na sabuni miaka yote hiyo, ile pinki unayoiona huenda ilikuwa nyekundu kali, nyuma utaikuta bado mbichi, kwa hiyo ukienda kununua nyuzi nenda na kitambaa ukilinganisha mgongo na sio uso. Pili mishono. Mshono wa shina kwa mbele unaonekana kama kamba iliyosokotwa, kwa nyuma unatoa kimstari cha mishono iliyofuatana. Mshono wa satini, ule wa nyuzi zilizolala bega kwa bega kujaza petali, unajaa kote mbele na nyuma. Ukiona nyuma nyuzi chache tu kumbe mbele petali imejaa, basi mama alikuwa anabana uzi, anatokeza sindano pembeni kidogo tu ya pale alipoizamisha badala ya kuvuka chini ya petali nzima, ujanja wa mtu ambaye nyuzi alikuwa anazipata kwa shida. Na utaona alianzaje, kama alipiga fundo au alilaza mkia wa uzi akaushonea juu. Masista hawakupenda mafundo, nakwambia mimi niliyepigwa rula ya vidole kwa ajili ya fundo.

Kuhamishia kwenye kitambaa kipya. Kama ni cheupe na chepesi rudi dirishani, weka mchoro chini kitambaa juu, pitisha penseli kali kidogo kidogo. Kama ni kizito au cha rangi tumia njia ya unga wa mkaa, haina gharama. Laza karatasi yenye mchoro juu ya taulo lililokunjwa, toboa kwa sindano juu ya mstari, matundu ya karibu karibu, milimita mbili hivi. Geuza upitishe msasa laini vile vitundu vifunguke. Saga kipande cha mkaa hadi kiwe kama unga wa ngano, uweke ndani ya soksi kuukuu ufunge kidonge. Bana karatasi kwenye kitambaa isitembee, halafu gonga gonga kile kidonge juu ya matundu, usiburute. Inua karatasi wima. Chini utakuta waridi zima la nukta nyeusi, unaunganisha kwa penseli, unakung'uta unga, basi. Wachoraji wa Italia karne ya 15 walihamisha picha zao ukutani hivyo hivyo, kwa hiyo usione mkaa ni ushamba.

Kaboni ya ofisini usiguse. Inachafua, inapaka kila unapoweka kiganja na haitoki vizuri. Kuna na hii ya kupeleka mchoro steshenari wakatoa kopi ya mashine halafu ukaipiga pasi ya moto juu ya kitambaa, inakubali, ule unga wa mashine unayeyuka na kuhamia japo kwa kufifia, ila kumbuka mchoro unageuka kushoto kulia. Kwa ua haina neno. Mi nilifanya kwa maneno, nikajidarizia USIKU MWEMA kwenye foronya mbili, ndefu, na vikopa pembeni, nilipokuja kuishika vizuri inasomeka vizuri kwenye kioo tu. Bado ninazo hizo foronya.

Ile nusu usiimalizie. Haya ni maoni yangu na dada yako anaweza kukuambia vingine, lakini sindano iliishia pale ilipoishia, ukiendeleza miaka mingi baadaye mkono wako utaonekana tu, mvuto wa uzi haufanani. Iweke kwenye fremu yenye kioo sehemu isiyopigwa jua. Seti ya Doto ishone kwa mkono wako mwenyewe.

Na kitambaa kipya ukifue kabla hujachora. Pamba mpya ina sitachi ya dukani na inaruka ikifuliwa, ukishona kwanza ukafua baadaye maua yanajikunja kama majani ya mchicha juani. Popilini ya pamba tupu nzuri, na kama hela haitoshi marekani inafaa kabisa, ikifuliwa mara tatu nne inalainika na weupe unakuja. Jina hilo la marekani lina historia yake, zilikuwa jora za pamba zilizoletwa Zanzibar na wafanyabiashara wa kutoka Marekani karne ya 19, misafara ikazibeba hadi huku kwetu ziwani zikitumika kama hela. Leo pamba nyingi ya nchi inalimwa huku huku Kanda ya Ziwa, na bado tunakiita marekani.

SWALI: Anti nimepewa karatasi ya pateni ya zamani, kwenye kila ua kuna namba, 321, 310 na zingine. Fundi jirani anasema ni idadi ya mishono. Kweli? (Neema wa Nyegezi)

JIBU: Fundi jirani abaki kwenye kupunguza suruali. Hizo ni namba za rangi za nyuzi, na hizo mbili nazijua hata usingizini, ni za DMC, wale wa Mulhouse, Ufaransa, walioanza kazi mwaka 1746. 310 ni nyeusi, 321 ni nyekundu. Ila kila kampuni ina namba zake, nyeusi hiyo hiyo kwa Anchor ni 403, kwa hiyo angalia kwanza pateni imetaja nyuzi za nani. Kama haikutaja na huna nyuzi za kampuni, weka rangi zako. Hakuna polisi wa rangi.

SWALI: Dada msaada wa haraka, nimedarizi mashuka meupe maua mekundu, nimefua mara moja tu shuka limekuwa la pinki madoa madoa kama limepata surua. Ni ya mteja na sendoff ni Jumamosi hii!!! (Nimechanganyikiwa, Buhongwa)

JIBU: Mdogo wangu nilikujibu kwenye simu siku ile ile ila naiandika na hapa kwa sababu sio wewe wa kwanza, na mi ni mmoja wenu. Mimi nilimdarizia binti wa jirani mashuka ya kichenpati, mawaridi mekundu kona zote nne, nyuzi nilinunua kwa mtu barabarani bei poa nikajiona mjanja, nikaloweka usiku kucha kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni ya unga. Asubuhi beseni lina rangi ya juisi ya rozela. Mama wa binti aliyapokea akasema "yamependeza hii pinki", hadi leo sijui kama alikuwa ananistiri.

Kitu cha kwanza, shuka lisikauke. Rangi iliyochuja ikiwa bado mbichi ina nafasi ya kutoka, ikikauka na hasa ikipigwa pasi imehamia jumla. Loweka kwenye maji mengi ya baridi, mengi kweli, pipa likiwepo tumia pipa, maji yakiwa mekundu mwaga weka mengine, endelea hata nusu siku. Limetandazwa ndani ya maji, lisikunjwe, ua lisilalie eneo jeupe. Jiki usitumie, itakula na ua lenyewe. Na chumvi na siki ambazo kila mtu anakushauri, kwa uzi wa pamba uliotiwa rangi kiwandani havigandishi kitu, unapoteza siki ya kachumbari.

Ukitaka usiumie tena jaribu uzi kabla. Kata kipande cha uzi chenye urefu wa kidole, kilowanishe, kiminye ndani ya pamba nyeupe au kitambaa cheupe, kiache dakika kumi. Kikiacha rangi, aidha usuuze uzi wote kwenye maji baridi mpaka maji yawe meupe ndo ushone, au upeleke kwenye kitu cheusi.

Hapo ndo utaelewa kwa nini vitambaa vingi vya zamani vimedariziwa nyekundu tupu, mstari mwekundu kwenye nguo nyeupe, hakuna rangi nyingine. Kulikuwa na nyekundu waliyoiita ya Kituruki, ikitokana na mizizi ya mmea, wanaipitisha kwenye mafuta na shabu na hatua kibao zinazochukua siku nyingi, na sifa yake kubwa ilikuwa haichuji. Mwaka 1868 wanakemia wa Ujerumani wakafanikiwa kuitengeneza ile rangi ya mizizi maabara, viwanda vikafuata, bei ikashuka. Wale bibi hawakuwa na ushabiki wa Simba, walichagua nyuzi itakayovumilia kufuliwa.

SWALI: Mi kila nikidarizi kitambaa kinajivuta kinakuwa na mikunjo kuzunguka ua, nikikinyoosha kwa pasi kinarudi vile vile. Tatizo sindano? (Mama Bahati, Musoma)

JIBU: Sio sindano mama, ni mkono, unavuta uzi kama unafunga gunia la dagaa. Uzi unatakiwa ulale juu ya kitambaa, ukifika mwisho acha. Tumia ringi, ile duara ya kubania kitambaa, kikazwe kiwe kama ngoma, na ukimaliza kazi ya siku uifungue usiache usiku kucha inaacha alama. Halafu angalia unashona na nyuzi ngapi. Ule uzi wa kudarizi una nyuzi sita ndani yake zilizolala pamoja, sio lazima zote sita ziingie kwenye sindano! Kwa viua vidogo vya zamani mbili zinatosha, tatu kwa majani makubwa. Kata urefu wa kutoka kwenye vidole hadi kiwiko, chomoa moja moja kwa kuvuta juu huku umeshika kichwa cha zilizobaki, kisha ziunganishe upya, hapo zinalala tambarare. Ukizivuta mbili kwa pamoja zinasokotana na unaanza kutukana. Sindano namba 7 au 8, na kadiri namba inavyopanda sindano inakuwa nyembamba, wengi wanafikiria kinyume. Pasi piga kwa nyuma, ua limelalia taulo, ukipiga kwa mbele unalilaza bapa kama chapati.

SWALI: Anti mimi ni kijana wa kiume, nafanya kazi soko la samaki Mwaloni Kirumba, usiku nikiwa geto nadarizi maua kwenye mifuko ya jinsi na makoti, nauza kwa wanachuo. Washkaji wananicheka wanasema kazi ya kike. Nikaushe au nijibu? (Kijana wa Mwaloni)

JIBU: Kaushia, hesabu hela. Kofia za watu wa pwani vile vitobo wanavishona na wanaume, na hao hao wanaokucheka mchana kutwa wamekaa kwenye mawe na sindano ya plastiki wanaziba matundu ya nyavu. Ila kwenye jinsi chora kwa chaki ya fundi, mkaa hauonekani, na tumia subana, kidole kitakushukuru. Nitumie picha ya hayo makoti.

SWALI: Shikamoo Anti Subana. Niko Nansio. Nimechoka mawaridi na yale maua ya Ulaya ambayo hata sijawahi kuyaona kwa macho, nataka nidarizi gugumaji. Kwa kweli lile ua ni zuri asubuhi ukilikuta limefunguka lote. Mume wangu ni mvuvi, amesema nikiweka gugumaji kwenye foronya yake atalala sebuleni. Je, linaweza kudariziwa na pateni za zamani? (Mke wa Mvuvi)

JIBU: Marahaba mwanangu, umenichekesha nikiwa peke yangu. Mumeo ana haki yake kidogo, huo mmea umetoka Amerika Kusini, ulionekana ziwani kwetu Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na miaka ya 1990 ulifunga ghuba mpaka mitumbwi ikawa haitoki, hadi wakaletwa fukusi wa huko huko ulikotoka waje kuula. Mwenzako anaona gugumaji anakumbuka injini iliyonasa. Wewe unaona ua. Shona tu.

Pateni ya zamani inakusaidia kwenye mpangilio. Chukua ile ya shada la kona, ya mawaridi, angalia ilivyokaa, ua kubwa moja halilali katikati, limesogea pembeni, mawili madogo yanalifuata, jani moja linatoka nje ya mstari, na mwisho kuna vikonyo viwili vitatu vinavyopungua kuelekea mwisho. Huo mzani ndo umefanya pateni hizo zidumu. Acha mzani, toa waridi, weka lako.

Nenda kachume moja uliweke kwenye glasi ya maji mezani, mapema, maana ua moja moja halikai, kesho limeshanyauka. Hesabu petali, ni sita. Tano ni zambarau nyepesi tupu, ya sita ile ya juu ndo ina jicho, doa la njano limezungukwa na bluu. Kosea kila kitu lakini jicho lisikosekane, bila hilo watu watakuambia umedarizi kabeji.

Nunua zambarau tatu, nyepesi, ya kati, iliyoiva, na njano moja, bluu moja. Nyuzi mbili kwenye sindano. Petali zijaze kwa mshono wa ndefu-fupi, yaani safu ya kwanza unaanzia ukingoni kwenda ndani, mshono mmoja mrefu unaofuata mfupi, mrefu, mfupi, kwa rangi nyepesi, halafu safu ya pili unaingiza rangi ya kati kwenye zile nafasi za mifupi, unachoma katikati ya uzi uliopo ili zishikane. Mwelekeo wote wa nyuzi uelekee kwenye kitovu cha ua. Hapo ndo watu wanapoharibu, wanashona sawasawa kama mistari ya daftari petali inakosa uhai. Chora kwanza vimistari vya penseli vya mwelekeo ndani ya kila petali, vifuate. Zambarau iliyoiva iingie karibu na kitovu tu, kidogo.

Jicho sasa. Kabla hujajaza petali ya juu acha wazi eneo la ukubwa wa punje ya mchele. Lijaze njano kwa satini ya kusimama, mishono mitano sita, ule wa katikati mrefu kuliko wenzake ili litoke kama mwali wa mshumaa. Zunguka kwa bluu, mshono wa shina, uzi mmoja tu. Katikati ya ua piga mafundo ya Kifaransa matatu, zungusha uzi mara mbili kwenye sindano, choma karibu na ulipotokea lakini sio tundu lile lile, ukirudi tundu lile lile fundo linazama nyuma na unabaki unalitafuta.

Vile vikonyo vilivyovimba kama puto, ambavyo ndo vinaufanya mmea uelee, usiviache, ndo vinatambulisha gugumaji hata kwa mtu aliye mbali. Piga kwanza mishono ya ovyo ovyo ya kijani ndani ya mchoro, ya kulala, kisha juu yake satini ya kukata njia nyingine, kinainuka chenyewe. Majani ni ya mviringo na yanang'aa, satini fupi fupi, ila mshono mmoja usizidi sentimita moja, ukizidi unanasa kwenye kucha na heleni. Kwenye foronya hiyo ni kesi. Na kama ukibakiza mawaridi pembeni kwa ajili ya amani ya nyumba, majani yake yashone kwa ule mshono wa mwiba wa samaki, unachoma kushoto kulia ukipishana katikati, ukimaliza jani lina mstari kama mgongo wa sato. Mwambie mumeo hiyo ndo foronya yake.

Akikataa kabisa hamia yungiyungi.

SWALI: Nauzaje jozi ya foronya? Mteja kaniambia elfu kumi na mbili, nimetumia jioni tano. (Nauliza tu, Mlango Mmoja)

JIBU: Elfu kumi na mbili toa kitambaa, toa nyuzi, toa nauli, kilichobaki gawa kwa jioni tano, uone kama ungekubali kumfulia mtu kwa hela hiyo. Mi jozi yenye shada moja dogo kila foronya ndo nampa mtu wa bei ya chini, shada la kona zote bei nyingine kabisa na nachukua nusu kabla sijachora. Akisema sokoni Makoroboi zipo za mashine rahisi, mwambie ni kweli, na umwelekeze duka. Wengine wanarudi.

SWALI: Anti sindano imeniponyoka kitandani usiku tangu jana siioni na nina mtoto mdogo!! (Mama Junior, Pasiansi)

JIBU: Mtoto alale kwingine kwanza. Tafuta spika mbovu ya redio, nyuma yake kuna sumaku ya duara, ifunge kwenye kitambaa chepesi uipitishe taratibu juu ya godoro, kwenye mishono ya pembeni, halafu sakafuni chini ya kitanda, na usisahau mbeleko na khanga uliyokuwa umejifunga. Mi yangu niliikuta kwenye khanga, siku ya tatu, nikiwa kanisani.